Kofia Iliyojifunza Kusema Sijui

Ambokile Mwasomola alianguka katikati ya uwanja wa mpira wa Masoko, filimbi ikiwa mdomoni, muda mfupi baada ya kuwapa wenyeji penalti. Wachezaji walidhani ameteleza, maana nyasi zilikuwa zimelowa mvua ya alfajiri, na mmoja wao akacheka. Kisha bangili ya mkononi mwake, ile ambayo siku hizi huvaliwa na kila aliyevuka miaka arobaini, ikaanza kupaza sauti: "Moyo umesimama. Mtu mmoja apige magoti, abonyeze kifua. Moyo umesimama."

Aliyepiga magoti alikuwa golikipa wa timu ya wageni, msichana mwenye mabega mapana ambaye punde tu alikuwa akimwambia refa huyo kwamba hana macho. Alivua glavu, akaweka viganja katikati ya kifua cha Ambokile, akaanza kubonyeza huku bangili ikimhesabia. Alibonyeza mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Alipochoka alipokewa na beki wake, na beki alipochoka, akarudi tena yeye.

Panzi akatokea juu ya misonobari. Ndivyo watu wa Rungwe wanavyoziita zile ndege ndogo za dharura zisizo na rubani, kwa ajili ya miguu yake mirefu ya kujikunja. Panzi alitua karibu na kibendera cha kona, akafungua tumbo, akatoa vibandiko viwili vyenye nyaya, akawaelekeza wasichana pa kuvibandika, kisha akawaamuru wote wasogee. Mshtuko wa kwanza haukufaa kitu. Wa pili pia. Baada ya wa tatu moyo ukaanza kupiga, mwanzoni kwa kusitasita, halafu kama moyo wa mtu.

Lakini macho hayakufunguka.

*

Hospitali ya Nsongola imejengwa mahali penye ukungu, juu kidogo ya mashamba ya chai, na wafanyakazi wake huvaa sweta ndani ya makoti meupe mwaka mzima. Dkt. Ikupa Mwambene alikuwa akivaa mbili. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya ubongo, mwanamke wa makamo, mcheshi, asiyeweza kukaa bila kikombe cha chai ya tangawizi karibu yake, na ndiye aliyekuwa akisimamia Kofia tangu ilipoletwa hospitalini hapo.

Ndege ya wagonjwa ilimshusha Ambokile kabla ya adhuhuri. Walimwingiza kwenye mashine ya kupumulia, wakampoza mwili, kisha Sista Bupe, muuguzi wa zamu, akamnyoa nywele na kumvalisha Kofia. Kwa kuiangalia haikuwa na makuu. Ilikuwa kitambaa laini cha kijivu chenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, kikamkaa kichwani kama ngozi ya pili. Nyuzi nyingine zilisikiliza umeme wa ubongo. Nyingine zilipitisha mwanga kwenye fuvu kupima kama damu inafika kila pembe. Mrija mmoja mdogo ulikwenda shingoni, ukaonja damu kutafuta mabaki ya chembe za ubongo zilizokufa.

Moyo ukisimama, ubongo ndio wa kwanza kulia njaa. Chembe zake hazina akiba. Zinaishi kwa kile zinacholetewa na damu wakati ule ule. Damu ikikatika zinaanza kufa, na hata ikirudi baadaye, huja na madhara yake, kama maji ya mvua yanayolifikia shamba lililokauka yakaondoka na udongo. Zamani daktari alilazimika kungoja siku nyingi kujua ni kiasi gani kimesombwa. Kofia ilikuwa ikijua siku ile ile. Ilikuwa imefundishwa kwa kuonyeshwa wagonjwa wa hospitali nyingi, wa nchi nyingi: mawimbi ya kila mmoja, damu yake, na mwisho wake, kwamba aliamka au hakuamka. Ilikuwa na majibu mawili tu, na watu walikuja kuyaamini kama wanavyoamini mizani ya dukani.

Alasiri Kofia ikamwita Ikupa. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtulivu, yenye Kiswahili sanifu mno.

"Daktari, jibu la mgonjwa wa kitanda cha dirishani liko tayari. Hataamka."

Ikupa alivuta stuli, akaketi, akatazama mawimbi kwenye kioo. Yalikuwa mabaya kweli. Yalilipuka kwa ghafla, yakanyamaza kwa kitambo kirefu, yakalipuka tena. Aliyafahamu mawimbi ya namna hiyo. Kila yalipotokea, Kofia ilisema hataamka, jioni familia ikaambiwa, na asubuhi yake mashine ya kupumulia ikaondolewa. Ndivyo utaratibu wa hospitali ulivyokuwa, na Ikupa mwenyewe alishiriki kuuandika.

Akatoa tochi mfukoni, akainua kope za Ambokile, akamulika. Mboni ya kushoto haikutikisika. Ya kulia ikasinyaa, kidogo sana, polepole, kama konokono aliyeguswa pembe.

Akamulika tena. Ikasinyaa tena.

"Bupe, hebu njoo uangalie hapa."

Sista Bupe akainama. "Imesinyaa, Daktari."

"Nami nimeiona hivyo."

Ikupa akaigeukia Kofia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaiuliza Kofia maswali ambayo utaratibu haukuyataka.

"Umewahi kuona wagonjwa wangapi wenye mawimbi kama haya?"

"Mamia kadhaa."

"Walioamka ni wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Haya. Katika hao mamia, walioachwa kwenye mashine ya kupumulia hata wiki moja ni wangapi?"

Kofia haikuwa na desturi ya kuchelewa. Safari hii ilichelewa.

"Hakuna hata mmoja," ikasema. "Mashine zao ziliondolewa mapema, kwa kuwa ilionekana hawataamka."

Bupe alishika ukingo wa kitanda. Ikupa alijikuta akirudia maneno yale moyoni. Hakuna aliyeamka, kwa kuwa hakuna aliyengojewa. Hakuna aliyengojewa, kwa kuwa ilisemwa hawataamka. Huenda Kofia ilikuwa sahihi kwa wote. Huenda. Lakini haikuwa imewahi kuona kinyume chake, na kitu ambacho hujaruhusiwa kukiona huwezi kukisema hakipo.

"Basi unajuaje kwamba huyu hataamka?" akauliza.

"Nimefundishwa kutoa jibu moja kati ya mawili, Daktari," Kofia ikajibu. "Hilo ndilo lililo karibu zaidi."

*

Mganga Mkuu wa Nsongola, Dkt. Ntuli, alimsikiliza Ikupa mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi katika siku za kabla ya Kofia, na Ikupa alimheshimu kama baba.

"Unakumbuka ile wodi ya nyuma?" akamwuliza.

"Niliisikia tu, Mzee."

"Mimi nilikaa nayo. Watu waliolala humo hawakuwa wakirudi wala hawakuwa wakienda. Mke anakaa kando ya kitanda mpaka anazeekea hapo. Watoto wanaacha shule. Kila asubuhi wananiuliza, 'Daktari, leo vipi?' Na mimi nasema, 'Tusubiri.' Nilikuja kulichukia neno hilo kuliko tusi." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Kofia ilipokuja, watu wakapata neno la kushika. Wakalia, wakazika, wakaendelea kuishi. Sasa wewe unataka nirudi kuwaambia sijui?"

"Kama hatujui, Mzee."

"Ukimwambia mtu hujui, umempa tumaini. Na tumaini la uongo linaua polepole, Ikupa."

"Na 'hataamka' ikiwa ya uongo, inaua kesho asubuhi."

Dkt. Ntuli akarudisha miwani machoni. Nje ukungu ulikuwa umefunika hata ua la hospitali, na sauti za wachuma chai zilisikika bila wao kuonekana.

"Kile kitanda kinahitajika," akasema hatimaye. "Kuna watu wengine watakaoletwa. Mtasubirije, na mtasubiri mpaka lini? Nenda kaongee na familia. Waambie ukweli, wote, pamoja na huo wa kwako. Watakaloamua nitalisimamia. Lakini wawekee mwisho, mwanangu. Kungoja kusiko na mwisho ndiko kulikojaza wodi ya nyuma."

*

Familia ilikuwa imekaa kwenye chumba cha wageni: Lugano, mke wa Ambokile, na Gwamaka, mdogo wake Ambokile. Lugano alikuwa mama mnene mwenye uso wa utulivu, mwenye kitalu cha miche ya parachichi, na kucha zake bado zilikuwa na udongo. Aliitwa akiwa kazini. Gwamaka alikuwa fundi seremala, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kukasirika.

"Ndaga, Daktari," Lugano akamsalimu kwa kupiga goti kidogo, na kabla Ikupa hajaketi, akaongeza: "Najua hapa kuna ile kofia. Najua inatoa jibu. Nakuomba, mimi usiniambie."

"Shemeji!" Gwamaka akaruka. "Tutakaaje bila kujua?"

"Wewe ujue. Mimi nitakuwa kule kwa mgonjwa. Nikijua nitamshika mkono kama ninayeaga. Nataka nimshike kama ninavyomshika siku zote."

Akaondoka. Ikupa hakumzuia. Alimgeukia Gwamaka, akamweleza kila kitu: jibu la Kofia, mboni iliyosinyaa, maswali aliyoiuliza, na majibu yake.

Gwamaka alishika kichwa. "Kwa hiyo inasema hataamka."

"Inasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema sijui."

"Daktari bingwa mzima!" Gwamaka akainuka, akazunguka kiti. "Watu wamevumbua ndege ya kuleta umeme wa moyo uwanjani, wamevumbua kofia ya kusoma ubongo, na mwisho wa yote unaniambia hujui?"

"Ningeweza kukupa neno la uhakika ukaenda nalo nyumbani. Lisingekuwa kweli."

Alizunguka tena, kisha akakaa kwa kishindo. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza, Daktari. Baba yetu alilala kwenye mashine miezi mingi, huko mjini, kabla ya hizi kofia. Mimi na kaka tulikuwa tukimgeuza kwa zamu. Siku tuliyomzika, kaka aliniambia, 'Gwamaka, mimi usiniache nikalala hivi.' Nikamwahidi. Sasa wewe unaniambia nimngoje. Akiamka akawa nusu mtu je? Atanitazama kwa jicho gani?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Ikupa angeweza kusema kwamba Ambokile atakuwa mzima. Angeweza pia kusema kwamba Kofia imeshasema, na kumwondolea mzigo. Yote mawili yangemfanya Gwamaka ashushe mabega. Alitamani sana kumwona akishusha mabega.

"Siwezi kukuahidi atakavyokuwa," akasema. "Ninaweza kukuahidi kitu kimoja. Hatutamlaza kama baba yenu. Tutaondoa dawa za usingizi, tutampasha mwili, tutampa wiki moja. Katika wiki hiyo nitampima mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa Kofia. Mwisho wa wiki tukiona ubongo umekwenda, tutamwacha aende, na mimi nitasimama na wewe wakati huo. Ahadi yako kwake itabaki palepale. Ninachoomba ni kwamba tusimwache aende kwa sababu ya jibu lisilojua."

Gwamaka alikaa akitazama mikono yake mikubwa. Mwishowe akainuka, akaelekea wodini, Ikupa nyuma yake. Lugano alikuwa ameketi kando ya kitanda, mkono wa mumewe ndani ya mkono wake. Akamtazama shemeji yake, akamtazama sana.

"Basi, shemeji," akasema taratibu. "Uso wako umeshaniambia."

"Haujakwambia yote," Gwamaka akajibu. "Daktari anasema kofia haijui. Inadhani inajua. Tumngoje wiki."

Lugano hakulia. Alivuta kiti kingine kwa mguu, bila kuuachia ule mkono, akamwonyesha akae.

*

Siku za mwanzo hazikuleta kitu. Mwili ulipashwa joto, dawa za usingizi zikaondolewa, na Ambokile akaendelea kulala. Lugano alimweleza habari za miche: ipi imeshika, ipi imeliwa na panya. Gwamaka alimsomea matokeo ya mechi, akagombana naye kuhusu penalti ile kana kwamba anajibiwa. Ikupa alikuja asubuhi na jioni na tochi yake. Mboni ya kushoto nayo ilianza kusinyaa. Hakusema lolote mpaka alipohakikisha mara kadhaa, na hata hapo alisema, "Ni jambo jema. Si jibu." Mawimbi yalianza kubadilika: vile vitambo vya ukimya vikafupika, kama mtu anayepunguza kunyamaza katika mazungumzo. Kofia ilipoulizwa iliendelea kusema kwamba hataamka, ila sasa ilichelewa kidogo kabla ya kusema hivyo.

Wiki ilipokaribia kwisha, Gwamaka alikuwa amekonda. Asubuhi moja alimsubiri Ikupa mlangoni.

"Daktari, kama ni kesho, nataka nimnyoe ndevu. Asiende hivi."

"Mnyoe," Ikupa akamwambia. "Hata kama si kesho."

Akamletea beseni na wembe. Gwamaka alimpaka kaka yake povu, akaanza kumnyoa kwa uangalifu wa fundi anayelainisha mbao ya thamani. Alipofika chini ya pua, Ambokile akakunja uso.

Gwamaka aliruka nyuma, wembe ukaanguka. Lugano akasimama. Sista Bupe akaja mbio, na Ikupa, aliyekuwa hajafika mbali, akageuka.

"Ambokile!" Ikupa akaita karibu na sikio. "Ambokile, fumbua macho."

Hakuna kitu.

"Zungumza naye wewe, Mama."

Lugano akainama. Hakupaza sauti. Alimsalimu kwa Kinyakyusa, kama anavyosalimiwa mtu kila asubuhi akiamka: "Ugonile?"

Kope zikatetemeka, zikafunguka. Macho yalitangatanga kwenye dari, yakashuka, yakafika kwenye uso wa mkewe, yakabaki hapo.

Ikupa alikuwa ameona watu wengi wakifungua macho bila kuona. Alijizuia kufurahi. "Ambokile, kama unanisikia, inua vidole viwili."

Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka. Ulikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba Bupe alianza kutikisa kichwa. Kisha kidole kimoja kikainuka. Cha pili kikafuata. Halafu, kwa juhudi kubwa kuliko zote, cha tatu.

"Vitatu!" Ikupa akapiga kelele, akicheka na machozi yakimtoka. "Amekosea! Jamani, amekosea!"

"Ni vibaya?" Lugano akauliza kwa hofu.

"Mama, mwili uliolala unaweza kushtuka, unaweza kukunja ngumi. Hauwezi kukosea hesabu. Anayekosea hesabu ni mtu aliyejaribu kuhesabu."

Gwamaka alikaa sakafuni, mgongo ukutani, povu la ndevu likiwa limemganda mikononi, akalia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Siku ambayo mrija wa kupumulia ulitolewa, Dkt. Ntuli alikuja wodini mwenyewe. Alimtazama Ambokile akinywa uji kwa kijiko, polepole, kila tone likihesabiwa na Lugano. Kisha akamwita Ikupa varandani. Jua lilikuwa limetoka siku hiyo, na mlima ulionekana wote mpaka kileleni.

"Na wale waliotangulia?" akauliza.

Ikupa alikuwa amelitarajia swali hilo, na tangu Ambokile alipofungua macho alikuwa nalo kila alipokunywa chai. "Ninaamini kwa wengi wao Kofia ilikuwa sahihi, Mzee. Kwa baadhi yao huenda haikuwa. Ni akina nani, hatutajua kamwe."

"Mimi nilisimama mbele ya familia zao nikasema 'hataamka' kama ninayesoma habari."

"Tulisimama wote."

Mzee akaafiki kwa kichwa. "Atakayekuja kuuliza tutamweleza ukweli. Nitamweleza mimi. Na hospitali nyingine zote zenye Kofia lazima zipate habari hii wiki hii, si mwakani." Akanyoosha mgongo. "Sasa ile mashine. Unaweza kuifundisha?"

Haikuwa kazi ya siku mbili. Ikupa na mafundi walipitia upya kila mgonjwa ambaye Kofia ilijifunza kwake, wakatenga wale walioamka, wale waliofariki licha ya kungojewa, na wale ambao hawakungojewa kabisa. Hao wa mwisho, Kofia ikaambiwa iwahesabu kama watu ambao mwisho wao haujulikani. Kisha wakaipa jibu la tatu. Ilipojaribiwa mara ya kwanza kwa mawimbi ya Ambokile ya siku ile ya kwanza, ikasema kwa Kiswahili chake sanifu: "Daktari, sijui bado. Nipe muda."

Ikupa alicheka peke yake. Halafu alikwenda kumwita Bupe ili na yeye asikie.

Jibu hilo halikumwamsha kila mtu. Baada ya hapo aliletwa bibi mmoja kutoka Kiwira, moyo wake ulisimama akiwa kanisani. Kofia ilisema haijui bado, na wanawe saba wakaambiwa hivyo hivyo. Walimngoja, wakaimba kando yake kwa zamu, na kabla ya wiki kwisha Kofia na madaktari wakakubaliana kwamba ubongo umekwenda. Ikupa alijiandaa kulaumiwa. Binti mkubwa akamshika mikono yote miwili. "Hamkutupokonya mama yetu, wala hamkutudanganya," akasema. "Wa Dar es Salaam amefika, wa Lusaka amefika. Ndaga fijo, Daktari. Asante sana." Walimwacha bibi aende mchana wa jua, wimbo ukiwa haujaisha.

Jioni hiyo Ikupa alikwenda nyumbani amechoka, lakini alilala usingizi mzuri. Aliliona hilo asubuhi, na akajishangaa.

*

Mavuno ya maparachichi yalipoanza, Lugano alimwalika Ikupa nyumbani kwa chakula cha mchana. Aliambiwa asilete kitu. Alileta majani ya chai na tangawizi, akasemwa kwa hilo.

Walikula nje, chini ya kibanda cha mabati kilichojengwa na Gwamaka, mbele ya safu ndefu za miche. Ilipikwa mbalaga, ndizi zilizokolea nyama na karanga, na sufuria ilikuwa kubwa kama ya msiba. Ambokile alikaa kiti cha mwisho, mwembamba kuliko zamani, fimbo ikiegemea goti. Mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta. Majina ya vitu yalimkimbia. Aliomba "kile cha kukatia" alipotaka kisu, na "huyu mrefu" alipotaka kumtaja daktari. Mawazo yalimfikia yakiwa yamechelewa, kama mgeni aliyepita njia ya mbali. Lakini alikuwa akimwagilia miche kila asubuhi, na mche wowote aliougusa yeye, Lugano hakuwa na haja ya kuurudia.

"Nikuulize, Mama," Ikupa akamwambia Lugano walipokuwa wakipakua. "Maisha yakoje?"

Lugano alifikiri kabla ya kujibu. "Yule niliyeolewa naye alikuwa mwepesi wa maneno, na mgomvi kidogo. Huyu ni mpole, na ananiuliza jambo moja mara tatu. Mwanzoni nilimlilia yule wa kwanza, nisikudanganye. Siku moja nikajikuta namngoja huyu arudi kutoka bondeni, na moyo wangu ukamfurahia kama wa msichana. Nikasema, basi. Nimependa mara mbili, na sijatoka nje ya ndoa."

Wakacheka wote wawili mpaka mwiko ukadondoka.

"Na Gwamaka?" Ikupa akauliza kwa sauti ya chini. "Ile ahadi yake?"

"Alimweleza kila kitu. Alikaa naye pale mwisho wa shamba, akamwambia, 'Kaka, nusura nikuache, na nusura nikulaze kama baba. Niambie nilikosea wapi.' Mume wangu alimtazama mpaka nikaona jua linasogea. Kisha akamwambia, 'Naona miche.' Basi. Gwamaka anasema hajawahi kujibiwa vizuri hivyo."

Mezani Gwamaka alikuwa ameshika usukani wa mazungumzo, kama kawaida yake. Alikuwa akisimulia habari za jirani yake mmoja, mvivu asiye na kifani, aliyeshauriwa na mkewe anunue jogoo wa kumwamsha alfajiri. Haikupita wiki, watu wakasikia harufu ya supu.

"Tukamwuliza, 'Ndugu, mbona umemchinja?' Akasema kwa hasira, 'Jogoo gani yule asiye na adabu! Kila akiwika, ananikuta nimelala!'"

Meza nzima ikaangua kicheko. Ikupa alilazimika kuweka kikombe chini. Kicheko kilipoisha, mazungumzo yakaenda kwingine: Lugano akaeleza kuhusu udongo wa upande wa bonde, Ikupa akauliza miche huchukua muda gani kuzaa, Gwamaka akalalamika kuhusu mvua iliyoharibu mbao zake, na ndizi zikaongezwa kwenye sahani.

Ndipo Ambokile alipoweka kijiko chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Lugano akageuka haraka, mkono tayari umenyooka kumshika, kisha akauona uso wake.

"Ananikuta..." Ambokile akasema, akakosa pumzi, akaanza tena. "Jogoo... ananikuta nimelala!"

Akacheka. Alicheka kwa kifua chote, machozi yakimtoka, akipiga goti kwa kiganja, fimbo ikaanguka na kubiringika chini ya meza na hakuijali. Gwamaka alimtazama kidogo, mdomo wazi, kisha naye akaanza upya. Lugano akafunika uso kwa kanga. Ikupa alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kuliko alivyocheka mara ya kwanza, na kila walipotaka kunyamaza Ambokile aliinua kidole hewani, akajaribu kulirudia neno la jogoo, likamshinda, na wote wakaanza tena.